Mgeni Nairobi, teknolojia ya Marekani: anzeni na faili kabla ya pasipoti

Wageni wengi tuliohamia Nairobi kwa kazi za uhandisi na programu, Watanzania, Waganda, Wakongo, Wasomali, Wasudan Kusini, tumeajiriwa na matawi ya kampuni za Marekani. Kibali cha kazi cha Daraja D kikishatoka, mtu hudhani habari ya uraia wake imekwisha. Kisha HR wanaomba tena nakala ya pasipoti, na muda si mrefu folda aliyokuwa akiitumia haifunguki. Hakuna anayemweleza sababu.

Mara nyingi sababu ni kanuni za Marekani za kudhibiti usafirishaji wa bidhaa na teknolojia kwenda nje, ziitwazo EAR, zinazosimamiwa na BIS, ofisi iliyo chini ya Wizara ya Biashara ya nchi hiyo. Kanuni hizi huifuata teknolojia popote iendapo. Mchoro uliotoka Texas ukafika Westlands kihalali bado uko chini yake. Ukimfunulia mfanyakazi mwenye uraia wa Sudan Kusini, huhesabiwa kwamba umeupeleka Sudan Kusini, hata kama haujatoka nje ya jengo. Kufunua ni kumwonyesha mchoro, kumweleza kwa simu, kumwonyesha skrini kwenye mkutano wa mtandaoni, au kumpa msimbo chanzo. Kwamba angeweza kuifungua folda lakini hakuifungua, hilo peke yake halihesabiwi. Lakini ukimpa nywila ukijua itamfikisha kwenye teknolojia inayodhibitiwa, hapo umefunua.

Kampuni nyingi hukosea mahali pamoja: huanza na orodha ya pasipoti. Huo ni mwanzo mbaya, kwa sababu kazi nyingi za Nairobi hazihitaji swali la uraia hata kidogo. Anzeni na teknolojia yenyewe. Kila kitu kinachodhibitiwa kina namba yenye alama tano iitwayo ECCN, kwa mfano 9E515. Tarakimu ya kwanza ni kundi kubwa: 3 ni elektroniki, 5 ni mawasiliano na usimbaji wa siri, 9 ni vyombo vya anga na injini zake. Herufi inaonyesha aina: A kifaa chenyewe, B vifaa vya kupimia na kutengenezea, C malighafi, D programu, E teknolojia ya kubuni au kutengeneza. Kwa suala letu, angalieni E, na D pale mtu anapopewa msimbo chanzo. Basi 9E515 ni ujuzi wa kiufundi wa satelaiti, na huo si wa kuachwa kwenye folda ya wafanyakazi wote.

Kilicho chini ya kanuni lakini hakitajwi kwenye orodha ya namba hizo huitwa EAR99. Mifumo ya malipo, programu za simu na tovuti za biashara kwa kawaida huwa humo au kwenye makundi yenye udhibiti mwepesi, na mwenzenu kutoka Goma au Juba hahitaji leseni kuvifanyia kazi. Kilichochapishwa wazi kwa umma, kama programu huria, kwa sehemu kubwa kiko nje ya kanuni. Pia tofautisheni kutumia na kujua: fundi anayepiga picha kwa kamera ya joto hajapewa teknolojia ya kamera hiyo. Akipewa michoro ya kuiunda, amepewa.

Msimbo chanzo wa usimbaji wa siri, ECCN 5D002, unawatisha wengi bure. Kuna msamaha uitwao ENC unaoruhusu tawi la kampuni ya Marekani kuutumia ndani kwa kazi zake, pamoja na kubuni bidhaa mpya, na unawahusu wafanyakazi, wakandarasi binafsi na wanagenzi wa kigeni, isipokuwa raia wa nchi chache zilizowekewa vikwazo vikubwa, kama Iran, Korea Kaskazini na Cuba. Kumfungia Mkongo au Msomali msimbo huo bila kuusoma msamaha huu ni kumnyima mtu kazi yake bila sababu.

Baada ya faili kujulikana, ndipo uraia unauliziwa, tena kwa kipimo chake. EAR hutazama uraia wa mwisho mtu alioupata, au ukazi wa kudumu wa mwisho. Aliyezaliwa Mogadishu akawa raia wa Kenya anahesabiwa Mkenya. Mkimbizi mwenye kibali cha Daraja M hajawa mkazi wa kudumu, kwa hiyo bado anahesabiwa wa Somalia. Mkenya aliyepata baadaye ukazi wa kudumu wa Kanada anahesabiwa wa Kanada. Kanuni za silaha, ITAR, za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ni kali zaidi: zinatazama kila uraia mtu alio nao au aliowahi kuwa nao, na kila ukazi wa kudumu alio nao.

Hapa undugu wa Afrika Mashariki hausaidii. DRC iliingia Jumuiya mwaka 2022, Sudan Kusini 2016 na Somalia 2024, lakini zote tatu, pamoja na Sudan, ziko kwenye kundi la nchi liitwalo D:5, yaani zilizowekewa na Marekani marufuku ya silaha. Kwa teknolojia ya kijeshi na ya satelaiti, maombi ya leseni kwa nchi hizi huanza yakiwa na sura ya kukataliwa.

Teknolojia ikiwa imeruhusiwa kuja Kenya lakini ingehitaji leseni kwa nchi ya mfanyakazi, kuna mlango kabla ya leseni, kifungu 734.20 cha EAR. Mfanyakazi awe wa kudumu kweli: ajira ya muda wote isiyopungua mwaka mmoja. Mkandarasi aliyeletwa na wakala anakubalika akikaa kwa muda mrefu kwenye ofisi zenu, chini ya usimamizi wenu, akiwafanyia ninyi peke yenu. Wale wenzetu wenye wateja wawili watatu hukwama hapa. Asiwe kwenye orodha za waliozuiwa, na orodha hizo hutafutwa bure kwenye tovuti ya serikali ya Marekani. Teknolojia ifunuliwe ndani ya nchi iliyoruhusiwa tu. Asaini mkataba wa kutunza siri, na kampuni iwe na mpango ulioandikwa wa ulinzi wa teknolojia.

Kisha kuna uchunguzi wa mahusiano na nchi za D:5: safari za mara kwa mara, nyumba anayoitunza huko, biashara, mshahara unaoendelea kuja, mawasiliano na mawakala na raia wa huko. Ulizeni kwa heshima na mpime hatari halisi ya teknolojia kuvuja. Kumtumia mama pesa Bukavu si sawa na kupokea mshahara kutoka Bukavu, na fomu isiyatie mambo haya mawili kwenye swali moja. Kumbukumbu hutunzwa miaka mitano au muda wote wa ajira, kutegemea upi ni mrefu zaidi.

Mlango huo ukishindikana, leseni huombwa BIS kupitia mfumo wa SNAP-R, bila ada. Mara nyingi kampuni mama ndiyo huomba. Andaeni wasifu wa mfanyakazi, pasipoti na kibali chake, ECCN, maelezo ya teknolojia halisi atakayoigusa, na namna mtakavyozuia asifikie iliyobaki. Maelezo ya jumla kama "kazi za uhandisi" hurudishwa na maswali.

Sheria ya Kenya nayo ipo. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi kwa utaifa. Kinaruhusu kuajiri raia kulingana na sera ya taifa ya ajira, lakini kumnyima cheo mtu aliye tayari kazini kwa sababu ya alikozaliwa, wakati hata ECCN haijatafutwa, hakuna mahali pa kujificha. Nakala za pasipoti ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: mweleze mhusika kwa nini mnazitaka, chukueni kinachohitajika tu, na msizirushe makao makuu Marekani kwa baruapepe bila msingi wa kisheria wa kuhamisha data.

Desemba ina hatari yake. Anayekwenda Juba kwa Krismasi na laptopu yenye michoro ameipeleka teknolojia Sudan Kusini kwa mikono yake, hata kama anaruhusiwa kuiona Nairobi. Apewe laptopu tupu, na ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi inayodhibitiwa isimamishwe mpaka arudi.

Kwa anayehamishiwa Marekani kwa visa ya L-1 au H-1B, mwajiri hujaza fomu I-129, ambayo tangu Februari 2011 ina sehemu ya 6 ya kuthibitisha kama leseni inahitajika kumfunulia teknolojia. Mwulize mwajiri alijaza nini, kwa sababu jibu hilo ndilo litakaloamua faili utakazofunguliwa siku ya kwanza.