Nukta inayotembea
Jana usiku hapa Sakina, Arusha, umeme ulitulia, basi nikakaa na laptopu kuwinda asteroidi, yaani mawe ya angani yanayozunguka Jua. Unapewa picha nne za kipande kilekile cha anga, zimepigwa na darubini ya Pan-STARRS kule Hawaii kwa kupishana dakika kadhaa. Unazipitisha harakaharaka. Nyota zimetulia tuli. Kinachosogea kwa mstari mnyoofu na mwendo uleule, hicho ndicho. Nukta inayorukaruka ovyo ni takataka za kamera tu, na zipo balaa. Shemeji akachungulia: "Sasa hapo unaona nini, vumbi?" Nikamwonyesha ikitembea, akavuta kiti.

Darubini inakuonyesha jiwe liko upande gani wa anga. Umbali wake hasa wanaupima kwa rada. Machi 2021 dishi la mita 70 la Goldstone, California, lilirusha mawimbi hadi kwa asteroidi iitwayo Apophis, kilomita kama milioni 17, mwangwi ukadakwa na darubini ya redio ya Green Bank, hukohuko Marekani. Umbali ukapatikana kwa usahihi wa mita 150 hivi. Mita 150, jamani! Ndipo hofu ya Dunia kugongwa na jiwe hilo ikafutwa kwa miaka 100 ijayo.

Ijumaa tarehe 13 Aprili 2029 litapita kilomita kama 32,000 kutoka tulipo, karibu kuliko setilaiti zinazolisha madishi yetu ya runinga, na Afrika litaonekana kwa macho. Tatizo Aprili Arusha ni masika, Meru wenyewe unapotea mawinguni. Nimeshawaambia washkaji tutafute gari tushuke Makuyuni au Longido. Nani yumo?