Dakika Moja ya Kuhema

Mara ya tatu kukimbizwa hospitali usiku ndani ya mwezi mmoja, muuguzi wa mapokezi hakuniuliza jina. Aliinua macho, akaniona nimeshika kifua, akasema tu, "Umerudi, kaka?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Aibu yenyewe haikuyashusha mapigo. Nilikuwa nayahesabu tangu nyumbani: 128, 134, 131.

Miezi miwili kabla, mwenzetu kazini, rika langu kabisa, alilala hakuamka. Tangu hapo vidole vyangu viwili vilihamia shingoni. Kwenye kikao, kwenye foleni, chooni. Nikizinduka usiku, kabla sijafumbua macho, kidole kiko kwenye mshipa. Na moyo ukichunguzwa namna hiyo nao huchachamaa: ukiruka pigo moja mimi nashtuka, nikishtuka nao unazidisha mbio.

Usiku ule nilikuwa nakunja nguo, sina wazo lolote la ugonjwa. Joto likapanda ghafla kutoka tumboni hadi masikioni. Kifua kikabana, midomo ikafa ganzi, vidole vikawa kama vinatembelewa na sisimizi. Nikamwambia dada yangu, "Leo ndiyo leo." Alikwishayasikia maneno hayo mara mbili. Alichukua funguo za gari bila kunijibu, na hilo sijalisahau.

Nikabandikwa vile vibandiko 10 vya kupima umeme wa moyo. Safi. Damu ikatolewa kutafuta troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia, ikatolewa tena baada ya saa tatu. Safi. Oksijeni 99. Nilifurahi kwa muda wa nusu saa hivi, kisha nikaanza kujiuliza kama ile mashine ilikuwa nzima.

Daktari aliyeingia alikuwa mama wa makamo. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, vipimo vyangu amevipakata.

"Mwanangu, hebu hema. Harakaharaka, kwa mdomo, kwa nguvu. Dakika moja tu. Niko hapa."

Nilidhani hajanielewa. Lakini nikahema. Haikufika nusu dakika chumba kikaanza kuzunguka, midomo ikafa ganzi, sisimizi wakarudi vidoleni.

"Ndiyo hali yenyewe?"

"Ndiyo hiyohiyo, daktari."

"Na sasa hivi imeletwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Akanipunguzia pumzi taratibu, kutoa kukiwa kurefu kuliko kuvuta, huku akinieleza. Ukihema kupita mahitaji ya mwili, hewa ukaa hupungua mno kwenye damu, na ganzi na kizunguzungu hutokea hapo. Moyo nao unaendeshwa na adrenalini, homoni ambayo mwili huimwaga ukiogopa: mwili umejiandaa kukimbia na hakuna kinachoukimbiza. Wimbi hilo mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka lenyewe. "Hofu yako si ya uongo," alisema. "Ila moyo wako ni mzima. Ukizimia, au kifua kikiuma kila unapopanda ngazi, njoo mbio. Hii ya leo, kaa nayo ipite." Akaniandikia nimwone mwanasaikolojia. Halafu, kama aliyekumbuka mlangoni: "Na shingo hiyo uiache."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Hatujatoka hata getini, mkono ukapanda wenyewe. Dada akaupiga kofi bila kuondoa macho barabarani.

Mimi ni mtu wa kusoma magonjwa saa nane za usiku, na karibu yote niliyosoma yaliniongezea hofu tu. Moja lilinifaa: mwaka 1871 daktari wa Marekani, Jacob Mendes Da Costa, aliandika kuhusu askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe waliolalamikia mioyo kwenda mbio na vifua kubana, ilhali wengi wao hakuwaona na ugonjwa wa moyo wenyewe. Nilijisikia nimepata wenzangu, ingawa wamechelewa.

Wiki mbili baadaye ikanikuta tena, niko peke yangu. Nikakaa sakafuni, mikono nimeikalia, macho kwenye saa ya ukutani. Dakika 10 zikapita, bado natetemeka. Ilipofika ya 17 ndipo kifua kilipoanza kulegea. Nilikasirika kweli, nilitaka kumfuata yule mama nimwambie hesabu yake haikutimia.