Beseni la Zhuangzi

Leo imetimia miezi mitatu tangu tumzike baba. Kandambili zake bado ziko mlangoni, ya kushoto imelika kisigino. Kila nikifagia nazizunguka tu, mkono hauendi.

Watu wamenipa pole nyingi, Mungu awalipe. Lakini kilichonishika kweli ni kisa cha kale cha China, cha Zhuangzi, mmoja wa wahenga wakubwa wa Utao (falsafa ya kale ya China), wa karne ya 4 KK. Mkewe alipofariki, rafiki yake Hui Shi alikwenda kuhani, akamkuta ameketi chini, miguu ameitanua, anapiga beseni kama ngoma na kuimba. Hui Shi akamlaumu: umeishi naye, amekulelea watoto, amezeeka nawe, hata kulia hulii?

Zhuangzi akasema alipofariki tu, aliumia kama mtu yeyote. Hapo nikaweka simu chini. Siku zote nilidhani kukubali kifo ni kutoumia. Kumbe aliumia kwanza! Baadaye ndipo akatafakari: zamani mkewe hakuwa na uhai, wala umbo, wala pumzi. Ikaja pumzi, likaja umbo, ukaja uhai, na sasa kifo, kama misimu minne inavyopokezana.

Mimi kwenye beseni na wimbo sijafika, na sijilazimishi. Ila asubuhi nimezishika zile kandambili, nikazisugua kwa brashi na sabuni, nikalia sana. Nimezianika pale kibarazani alipopenda kuota jua.