Chungwa, Chembe ya Mchanga na Zaburi ya 147

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tuanze na chungwa. Lilikuwa chungwa kubwa, upana wake sentimita 10 hivi. Nililiweka juu ya kigogo mwanzoni mwa barabara ndefu iliyonyooka, nikawaambia vijana wa darasa langu la Biblia: hili ndilo jua letu, sasa nitafutieni dunia.

Mmoja akaleta kokoto. Kubwa mno. Mwingine akaleta harage, nalo likakataliwa. Jua lina upana wa kilomita 1,392,000 na dunia ina kilomita 12,742, maana yake ungehitaji dunia 109 zilizopangwa bega kwa bega ili kulikatiza jua kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hesabu ya chungwa lile, dunia yetu haifiki hata milimita moja. Mwishowe tukaokota chembe ya mchanga, binti mmoja akaibandika kwa mate kwenye kipande cha karatasi.

Nikauliza iwekwe wapi. Wakaiweka kiganja kimoja tu kutoka kwenye chungwa. Sikuwalaumu, ndivyo sote tulivyochorewa vitabuni: jua pembeni, sayari zimejipanga nyuma yake kama wanafunzi mstarini. Mchoraji hana ujanja. Akichora ukubwa sawasawa, umbali hautamtoshea kwenye ukurasa. Akiutosheza umbali, sayari zitapotea machoni.

Basi tukatembea. Kila hatua ya mita moja ilikuwa sawa na kilomita milioni 14 hivi. Hatua ya 4, Utaridi. Ya 8, Zuhura. Ya 11, tukaweka jiwe juu ya karatasi yetu: dunia. Hapo niliwaomba wageuke walitazame chungwa. Kijana mmoja akanyoosha mkono, akalifunika lote kwa ncha ya kidole cha mwisho, akashangaa, kwa sababu ndivyo hasa jua la kweli linavyoonekana kwa ukubwa kutoka hapa tulipo. (Hilo la kweli msilikazie macho, tafadhali.) Nikawaambia na habari ya mwanga. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja, hakuna kiupitacho. Lakini kwenye barabara yetu ungetambaa sentimita 2 tu kwa sekunde, mwendo wa sisimizi asiye na haraka. Sisimizi huyo akitoka kwenye chungwa, huifikia chembe yetu baada ya dakika 8 na ushei. Na mwezi? Chini ya sentimita 3 kutoka kwenye chembe. Safari zote za wanadamu angani, kwa kishindo chake chote, hazijavuka sana hapo.

Baada ya Mirihi, hatua ya 16, barabara ikawa tupu. Yapo mawe yanayozunguka katikati hapo, ila hata ukiyakusanya yote hayafiki uzito wa mwezi wetu. Tulitembea hadi hatua ya 56 ndipo tukaiweka Mshtarii, kijiwe cha sentimita moja. Zohali hatua ya 103. Uranusi ya 206. Utani ulikwisha njiani, wengine wakaanza kulalamikia miguu. Neptuni ilikuwa hatua ya 324, na kutoka pale hakuna aliyeweza tena kuliona chungwa. Sayari hiyo iligunduliwa mwaka 1846. Tangu siku hiyo hadi mwaka 2011 ndipo ilipomaliza kulizunguka jua mara moja.

Na nyota jirani, waliuliza, tuiweke wapi? Proxima Centauri kwa kipimo kile ni kama zabibu moja, na ingebidi tutembee kilomita 2,900 hivi kuipeleka mahali pake.

Wakanyamaza. Kisha binti yule wa karatasi akasema, "Sasa mwalimu, Mungu anatuonaje kutoka huko?"

Swali hilo sikulijibu siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kusema jinsi Mungu alivyo mkuu kwa kuwa anga ni kubwa, na nimesikia mahubiri mengi ya namna hiyo, mengine nimeyahubiri mwenyewe. Siku hizi yananisumbua. Kama ukuu unapimwa kwa kilomita, basi Mshtarii, inayoweza kumeza dunia zaidi ya 1,000, ina thamani kuliko mtoto mchanga. Mzaburi wa Zaburi ya 8 hakusema hivyo. Hakuwa na darubini wala tarakimu hizi zetu. Kwa macho matupu mtu huona nyota elfu chache tu, nazo zilimtosha kutikisika. Lakini sikilizeni alichouliza: "Mtu ni kitu gani hata umkumbuke?" Udogo wa mtu anauona, hauhitaji kuthibitishwa. Kinachomshangaza ni kukumbukwa.

Swali la binti liliendelea kunikera hadi nilipofika Zaburi ya 147. Mstari wa 3 unasema juu ya Mungu: "Huwaponya waliopondeka moyo, na kuziganga jeraha zao." Mstari wa 4: "Huihesabu idadi ya nyota, huzipa zote majina." Nilirudia mara mbili nikitafuta neno la kuunganisha, "tena", "hata hivyo", lolote. Halipo. Anatoka kwenye kidonda anaingia kwenye nyota kana kwamba ni chumba kimoja. Na ameanza na kidonda.

Kwetu hizo ni kazi mbili. Mwenye kuhesabu nyota hukesha peke yake kwenye darubini, na mwenye kufunga vidonda hana muda wa kuinua macho. Na lile neno kuganga! Mtu anaweza kuona kwa mbali, kuhesabu kwa mbali, hata kuamuru kwa mbali. Kuganga jeraha hakufanyiki kwa mbali. Lazima uchuchumae, ushike, usikie harufu yake. Binti yule aliuliza "kutoka huko", nami nilimwacha na hilo "huko" kwa wiki nzima, ilhali zaburi haikumweka Mungu huko hata kidogo.

Tuliporudi siku ile jioni ilikuwa imeingia. Tuliokota kijiwe cha Zohali, tukaokota cha Mshtarii. Tulipofika hatua ya 11 tukakuta jiwe limesogea, karatasi imepinduliwa na upepo, na chembe haipo. Nikasema tuiache, barabara nzima ni mchanga, tutaokota nyingine.

"Hapana, mwalimu," akasema binti. "Ile ndiyo yetu."

Akapiga magoti pale pale, akawasha tochi ya simu, akainamisha uso hadi karibu uguse vumbi. Wenzake wawili wakamfuata. Nami nikalitua chungwa, nikapiga magoti.