Tangu Mama Mahindi atolewe kwa kona

Nimetaka kuandika hii kitu tangu mwezi wa nne, wiki ile simu yangu ilinyakuliwa, lakini kila nikianza hasira inanishika nawacha. Leo ni Jumapili, mvua imetufungia ndani, stima bado iko, wacha niseme.

Kona yenyewe iko huku kwetu Nakuru, kati ya mitaa ya Flamingo na Kivumbini, jina la barabara sitalitaja kwa sababu bado naishi hapo. Hapo kwa kona kulikuwa na mama mmoja anachoma mahindi, sote tulimuita Mama Mahindi, hata sijui kama kuna mtu alikuwa anajua jina lake la kitambulisho. Jiko lake lilikuwa rimu ya gari kuukuu imewekewa wavu juu, mwavuli umepauka hadi maandishi hayasomeki, na ubao mmoja juu ya mawe mawili ndio kiti cha wateja. Anafika saa kumi jioni anafunga saa nne usiku. Mahindi alikuwa anageuza na vidole, bila koleo bila kitambaa, anageuza moja anaangalia barabara, anageuza ingine anaangalia upande ule mwingine, ndimu na pilipili ziko kwa kikopo cha Blue Band, na huku yote akikuongelesha bila kukutazama usoni. Mimi nafanya kazi kwa duka la dawa hapa tao, tunafunga saa mbili, kwa hivyo alikuwa ananiona kila usiku. Nikichelewa lazima aulize, "Msichana wangu, leo mlikuwa mnahesabu dawa moja moja?" Na nikimjibu ndio natembea hizo hatua za mwisho hadi kwa mlango bila wasiwasi wowote, maana najua kuna mtu amenihesabu.

Wakati huo tulikuwa tunaishi kwa ploti. Vyumba kumi na sita, mabati, choo mbili, bomba moja hapo katikati. Niliingia 2013 kodi ikiwa 2,400. Haikuwa pahali pazuri saana, nisiwadanganye, mvua ikinyesha maji ya mtaro yalikuwa yanafika mlangoni na choo kilikuwa na laini asubuhi, mtu asinisikie vibaya akadhani nalilia mabati. Lakini wizi ukitokea ulikuwa unaisha kwa njia fulani. 2016 niliibiwa mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo sita, nimetoka tu kwenda dukani kununua unga nikarudi nikapata haupo. Nikalia kweli maana nilikuwa nimeununua na mshahara wangu wa kwanza. Mama Mahindi hakusema mengi, aliniuliza tu ilikuwa saa ngapi, halafu akasema ameona kijana fulani akipita na gunia lenye kitu kizito na amemsalimia hajaitika, na huyo kijana siku zote huitika. Kesho yake asubuhi shosho wa huyo kijana ndiye alikuja kugonga kwangu, mtungi uko ndani ya kiondo amekibeba mgongoni, kamba iko kwa paji la uso, kijana anafuata nyuma akiangalia chini. Hakuna mtu alipigwa. Polisi hawakuitwa. Shosho alisema tu "Mama pole, huyu ni wangu," na mimi nikamuitikia nikawasha gesi nikampikia chai. Huyo kijana sai ni mtu wa boda, mkumbukeni, nitamrudia.

Sasa 2021, tarehe 1 Desemba, Nakuru ikapewa hati ya kuwa jiji, Uhuru Kenyatta akiwa bado rais, tukawa jiji la nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Tulifurahi. Mimi mwenyewe nilifurahi, nilipiga kelele na wenzangu hapo dukani. Na ukweli ni kwamba watu walikuwa wameshajaa hapa hata kabla ya hati, sensa ya 2019 ilihesabu watu 570,674 hapa mjini pekee, na hao wote wanataka pahali pa kulala. Kwa hivyo bei ya ploti ikapanda, na landilodi wetu mzee alipofariki watoto wake wakauza, nani angekataa hiyo pesa. Tukapewa miezi mitatu. Wengi wakaenda Kaptembwo, wengine Rhonda, wengine Barut kabisa. Mimi sikuwa na namna ya kwenda mbali kwa sababu ya ile saa mbili ya usiku, nikakaa kwa binamu yangu karibu miaka miwili, na flati ilipoisha nikarudi. Ndio, naishi kwa hiyo flati, iliyojengwa palepale. Bedsita 9,000, tunagawana na mdogo wangu. Niko ghorofa ya tatu na nikisimama kwa dirisha naangalia chini naona pahali mlango wangu wa mabati ulikuwa, sasa hapo wameweka tangi la maji.

Hii hali ya mtaa wa watu wa chini kununuliwa pole pole, ukarembeshwa, kodi ikapanda, waliokuwepo wakahama bila mtu kuwafukuza kwa rungu, ilipewa jina "gentrification" huko Uingereza mwaka 1964 na mwanasosholojia anaitwa Ruth Glass, yeye alikuwa anaangalia London, mitaa ya wafanyakazi inaingiliwa na wenye pesa. London ya kule, si mtaa wetu wa London hapa Nakuru, ule wa juu kuelekea mlima Menengai ulio na jalala la Gioto. Yale aliyoyaandika ukiyasoma ni kama alikuwa amesimama hapa Kivumbini.

Na kuna sheria ambayo watu hawaijui. Kenya kuna sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, iko hata na mahakama yake ya wapangaji, landilodi hawezi kukupandishia ovyo wala kukutoa bila idhini ya hiyo mahakama. Lakini inalinda tu nyumba ambayo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. 2,500! Mimi na 2,400 yangu nilikuwa ndani ya hiyo sheria na sikujua, nilipopandishwa hadi 3,500 nikalipa nikanyamaza. Sai nionyesheni nyumba ya 2,500 hapa mjini. Wabunge waliangalie hilo, hiyo namba ni ya zamani mno na inaumiza watu.

Turudi kwa kona. Flati ilipofunguliwa, keateka, yule msimamizi wa nyumba, akamwambia Mama Mahindi moshi unachafua rangi ya ukuta, na wapangaji wanaokuja kuangalia nyumba hawapendi kuona kibanda getini. Akasogea mita kama kumi. Akaambiwa asogee tena. Halafu siku moja wakaja watu na pikapu wakabeba mwavuli na jiko, mahindi yakiwa bado juu, yakamwagika barabarani na watoto wakaokota. Alikuwa amekaa hapo miaka kumi na nne. Hakuna mpangaji hata mmoja alishuka kumsemea. Mimi nilikuwa kazini, na hadi leo inaniuma kwamba niliambiwa jioni nikasema tu "aki pole yake" nikapanda ngazi.

Mwezi wa nne, siku ya Jumanne, saa mbili na dakika arobaini hivi. Na msiniambie ati ni giza, kuna mulika mwizi kubwa hapo ilisimamishwa, inamulika hadi unaweza soma gazeti. Kona ilikuwa nyeupe na tupu. Ukuta mrefu wa flati upande huu, ukuta wa flati ingine upande ule, nyaya juu, na katikati ni mimi na kijana mmoja amevaa kofia ya jaketi. Alinivuta mkono nikaanguka na goti, akachukua simu akaenda akitembea. Akitembea! Hakukimbia, kwani nani angemuona. Nikapiga nduru. Geti letu liko hatua sita kutoka hapo, na nilisikia kile kidirisha cha geti kikifunguliwa, nikaona jicho la soja, mlinzi wetu. Jicho moja, linaniangalia nikiwa chini. Halafu kidirisha kikafungwa.

Huyo soja tuliongea baadaye, hakunificha. Aliniambia, "Dada, mimi nimeagizwa kukiwa na fujo nje nisifungue. Nikifungua na wakuje ndani, ni mimi nitafutwa." Ni mtu mzima, ana watoto wanne, analipwa pesa ambayo haifiki kodi yangu. Sina kinyongo na yeye hata kidogo. Nina shida na hayo maagizo, na mtu aliyeamua kwamba usalama unaanzia ndani ya geti, kwamba hapo nje mita sita ni shauri yako. Niliripoti polisi, nikaandikiwa namba ya OB, kile kitabu chao cha matukio, nikaambiwa nilete risiti na ile namba ya IMEI ya kutambua simu, nikapeleka, hadi leo nasubiri.

Najua kwa nini watu wanataka kuta. Sisi wanawake wa Nakuru tunakumbuka 2022, mwezi wa sita, yale mauaji ya Mawanga, wanawake wanauawa ndani ya nyumba zao, nyumba zinachomwa. Kuna wiki sikulala kabisa, tulikuwa tunapigiana simu na rafiki zangu saa nane usiku kuulizana uko hai. Na jina la Confirm, lile genge, limetusumbua hapa miaka mingi, ukiambiwa ni wao unafunga duka mapema bila kuuliza. Kwa hivyo mtu akiniambia anataka geti la chuma na kamera namuelewa, mimi pia nataka. Ninachosema ni kwamba geti tumeweka, na yule mtu aliyekuwa anajua nani ni nani tumemtoa, na hao wezi wameshajua.

Wiki mbili baada ya mimi kuibiwa walishika kijana hapo chini. Nilisikia "mwizi! mwizi!" nikaangalia kwa dirisha nikaona watu kama hamsini, na moyo wangu, lazima niseme ukweli, ulifurahi kwanza. Nikashuka. Tairi lilikuwa limeshaletwa. Kijana amepasuka mdomo, anasema maneno hayasikiki, na wale wanaompiga wengi ni wapangaji wapya, watu wazuri tu, mmoja ni mwalimu. Nikamuangalia nikaona si yeye, yule wangu alikuwa mrefu, nikajaribu kusema na sauti ikapotea kwa ile kelele. Aliyewanyamazisha ni yule kijana wa mtungi. Alisimamisha boda katikati ya watu, akaacha injini ikiunguruma, akapaza sauti, "Huyu namjua! Anauza mayai boilo pale steji, ndoo yake iko wapi?" Mtu mmoja akaangalia kando, na ndoo ilikuwa pale kwa mtaro, mayai yamepasuka, kachumbari imemwagika. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kusema kitu. Hata pole hawakumpa. Tulimpeleka hospitali na hiyo boda, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia asianguke.

Serikali ilikuja na mpango wa usalama wa majirani, Nyumba Kumi, 2013 baada ya shambulio la Westgate kule Nairobi, wazo lenyewe la Tanzania, huko walianza zamani, miaka ya 60, nyumba kumi kumi zina balozi wao. Sipingi. Lakini kwa flati yetu mkutano uliitwa, nyumba arobaini, tukaja watu wanne na keateka. Mimi jirani yangu wa mlango wa kushoto simjui jina, najua tu viatu vyake. Kwa ploti hatukuwahi kuwa na kamati na tulijuana hadi nani ana pumu.

Kitu kingine ni hawa vijana. Wakubwa wetu wanatuambia Nakuru ilikuwa mji wa ndondi, ule ukumbi wa Madison Square Garden hapa upande wetu ulikuwa unajaa vijana kila jioni, na Philip Waruinge ni wa hapa hapa, aliyepewa kombe la Val Barker kwa Olimpiki ya Mexico 1968 kama bondia mwenye ustadi kuliko wote. Kijana wa Kivumbini alikuwa na pahali pa kwenda saa kumi na moja jioni na kocha anayemjua mamake. Sai kila kiwanja kidogo kinachobaki kinazungushiwa mabati na siku mbili baadaye msingi unachimbwa.

Jumamosi iliyopita nilienda Kaptembwo kumtafuta Mama Mahindi. Nilimpata, anachomea mbele ya nyumba ya mtu, njia ya ndani, anauza mahindi kama kumi kwa siku, kwetu alikuwa anauza gunia. Amekonda. Aliangalia goti langu kabla hata sijakaa akauliza ni nini, nikamueleza, akauliza huyo kijana anatembeaje, mguu gani unatangulia, nikamuelezea akafikiria kidogo akasema, "Kofia ya jaketi hainisaidii. Ningekuwa hapo ningemuona akikusubiri."

Nilimuuliza kama akipewa kona atarudi. Akasema nauli kutoka Kaptembwo kila siku itamla, lakini akipata pa kuacha jiko usiku atakuja. Nimeshaongea na soja, amekubali jiko likae kwa kibanda chake. Wapangaji tisa wameweka sahihi, yule mwalimu ndiye alikuwa wa kwanza. Keateka anasema si yeye wa kuamua, niongee na mwenye flati, na namba ya mwenye flati ameniandikia kwa nyuma ya risiti ya kodi. Nitampigia kesho saa ya lunch.