Begi la mtumba, kisu na droni

Begi nililolichana ili libebe droni yangu lilikuwa la shule. Bluu iliyopauka, mifuko miwili ya zipu na wavu wa chupa pembeni, shilingi 12,000 pale soko la mitumba la Karume baada ya kuvutana bei kidogo. Mabegi maalumu ya droni yapo, tena mazuri, sibishi. Lakini ukijumlisha bei na gharama ya kulisafirisha mpaka Dar es Salaam, bora uongeze hela kidogo ununue mota na propela za akiba. Halafu begi la namna ile linajitangaza. Mtu akiliona kituoni anajua papo hapo kwamba humo ndani hamna madaftari. Hili langu anayelitazama anaona mwanachuo mwenye njaa, na ningependa aendelee kuona hivyo hivyo.

Sababu nyingine ni kwamba begi la 12,000 huliogopi. Ningekuwa nimelipia laki mbili na nusu, ningeishi na mifuko aliyoipanga mtu mwingine kwa ajili ya vifaa vyake, nikijifanya inanifaa. Hili nililiweka sakafuni, nikamwaga vitu vyote juu yake, nikaanza kuvipanga: nikifika uwanjani nashika nini kwanza? Rimoti. Halafu miwani, ile yenye skrini ndani ninayoonea kile kamera ya droni inachokiona. Betri mwisho. Begi linapaswa kufuata mpangilio huo huo, la sivyo utakuwa unachimbua kila kitu juu ya nyasi huku mchanga ukiingia kwenye mota.

Ndani, karibu na mshono, kuna jina la mtoto limeandikwa kwa wino mzito, kwa herufi nisizoweza kuzisoma. Nimeliacha. Sponji inapita kando yake.

Sponji yenyewe usichukue ya godoro. Ni rahisi na kila mtaa ipo, ila inabonyea, na ikilowa inakunywa maji ikakaa nayo. Nilikata mkeka wa zamani wa mazoezi, ile sponji ngumu inayofanana na ya malapa, maana haipitishi maji na ukiikata kwa kisu kikali inabaki na ukingo safi. Rimoti nimeichongea shimo ambalo vijiti vyake viwili havigusani na chochote juu. Miwani inakaa ndani ya kipande cha kanga, lenzi zikitazama chini, na hata uwanjani siiachi imelala chali, kwa sababu jua likipita kwenye lenzi linakusanyika ndani na kuunguza skrini. Jua la saa saba la hapa kwetu halihitaji muda mrefu.

Kwenye betri nilikaa zaidi kuliko kwingine kote. Zangu ni lithiamu-polima za seli nne. Zikijaa, kila seli ina volti 4.2, yaani 16.8 kwa betri nzima. Ni kitu cha kufumbata kiganjani, ila kinatoa umeme mwingi kwa mkupuo, ndiyo maana droni inachomoka vile. Ikitobolewa, au ncha zake mbili zikiunganishwa na chuma, inaweza kuwaka, na moto wake si wa kupuliza. Sasa fikiria hicho kitu mgongoni mwa mtu ndani ya daladala la saa kumi na moja jioni, abiria wamebanana, mama na mtoto nyuma yako. Wao hawakuchagua mchezo huu. Kwa hiyo spana, bisibisi na funguo za nyumba havilali chumba kimoja na betri, hata siku moja. Kila plagi ina kofia yake ya plastiki. Betri zote zinaingia kwenye mfuko wa nyuzi za kioo, ambao hauzuii moto, unakupa tu muda. Huo mfuko nimeushika na velkro ili ung'oke kwa mvuto mmoja; nimejaribu nikiwa nimefumba macho. Na zile ambazo hazikutumika, nikirudi nyumbani nazishusha hadi volti 3.8 kwa seli. Kuzilaza zimejaa kwenye joto hili ni kuzivimbisha mwenyewe.

Baada ya hapo kisu kilifika mwisho wake, ikabaki kazi ya fundi. Ninayemwendea ana kibaraza Buguruni na cherehani ya kukanyaga, na Januari yote anashona mabegi ya watoto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hili umelichana wewe au panya?"

Nilimwonyesha nilichotaka, zipu ndefu zaidi kwa mbele, ifunguke mpaka chini. Akaligeuza begi, akalivuta mikanda, akauliza, "Kwenye gari unalivaa wapi?" Nikamwambia kifuani, kama kila mtu. "Ukishuka?" Mgongoni. "Basi zipu ya huko nje ni ya nini? Unamfungulia nani?"

Akaiweka upande unaolala mgongoni kwangu. Ukilivaa, hakuna mkono unaofika. Ukililaza chini, linafunguka kama sanduku, na upande unaogusa mchanga si ule utakaorudi mgongoni. Mabegi ya bei kubwa yana zipu ya namna hii, ila mzee hajawahi kuyaona. Alifika huko kwa kuwaza wezi. Mikanda nayo akaifumua yote, akairudishia kwa uzi wa nailoni na sindano namba 18, mshono wa mraba wenye msalaba katikati. Anasema mabegi haya hufia mabegani. Kwa kuwa ule upande ulilegea baada ya kukatwa, tumepachika ubao mwembamba wa plastiki, wa kukatia mboga. Unatoa jasho, kweli.

Nje kuna mikanda miwili ya kubebea droni, tumbo likielekea begi na propela zikitazama nje. Naitumia nikishafika tu. Kwenye pantoni ya kwenda Kigamboni droni hukaa ndani, nisije nikaanza maelezo na kila abiria. Karatasi za TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, zina kijimfuko chao cha juu kabisa, kwa sababu anayeziulizia huwa hana subira.

Nilipokwenda kulichukua, mzee alikuwa ameshakata kielelezo cha begi zima kwenye karatasi ya mfuko wa saruji.

"Wenye hizo ndege zenu mko wengi?"

"Hapana mzee. Wachache."

Akafikiri kidogo. "Na wapiga picha za harusi?"

Wiki ijayo nampelekea vipimo vya kamera.