Pointi mbili, na nafasi aliyoirudisha Piastri

Jinja, Uganda, Jumatatu, Desemba 8, 2025

Lando Norris ndiye bingwa mpya wa dunia wa Langalanga, yaani Formula 1. Pointi 423, Max Verstappen 421. Tangu jana jioni nazigeuza tarakimu hizo kichwani, na kuna jambo linanikaa rohoni ambalo sikuweza kulisema pale kwenye kibanda tulikotazama mbio, kwa zile kelele. Naliandika hapa.

Magari yalianza kuunguruma Abu Dhabi saa kumi alasiri kwa saa zetu. Hapa Walukuba, mtaa wetu wa Jinja, Jumapili ni siku ya mpira, na kumshawishi mwenye kibanda atoe skrini moja kwa ajili ya magari si kazi ya mchezo. Baba Mdogo alishamwekea miadi tangu Ijumaa baada ya swala. Amekuwa fundi wa magari maisha yake yote, na mji huu hauna mtu anayemkatalia jambo kirahisi. Tulikaa benchi la mbele, yeye na kalamu yake sikioni na lile daftari la shule analoandikia pointi za kila mbio tangu msimu uanze.

Waliofika na nafasi ya ubingwa walikuwa watatu: Norris 408, Verstappen 396, na Oscar Piastri, mwenzake Norris wa timu ya McLaren, 392. Jambo hilo, zaidi ya wawili kugombea taji hadi siku ya mwisho, halikuwa limetokea tangu 2010. Hesabu ya Norris ilikuwa nyepesi kuitamka na nzito kuibeba: akimaliza wa tatu, basi, hata Verstappen akishinda.

Na Verstappen alishinda. Aliondoka wa kwanza na hakuna aliyemsumbua. Piastri alimpita Norris kwenye mzunguko wa kwanza, akaishia wa pili. Kwa hiyo jioni nzima roho zetu zilikuwa kwenye ile nafasi ya tatu, Charles Leclerc akiwa nyuma na Ferrari yake. Nafikiri ndiyo maana mbio hizi zilinichosha kuliko zile ambazo watu wanapokezana uongozi. Huwezi kushangilia mtu anayelinda. Unaomba tu.

Kuna dakika moja ambayo kibanda kizima kilisimama. Norris alikuwa ametoka kubadilisha tairi, akamkuta Yuki Tsunoda mbele yake, naye ni mwenzake Verstappen wa Red Bull. Kila mtu alijua Tsunoda yuko pale kufanya nini. Norris alipokwenda kushoto, Tsunoda akavutia kushoto. Akarudi kulia, akaandamwa kulia. Norris akampita akiwa tayari nje ya mstari mweupe wa ukingo wa barabara, na tukaambiwa waamuzi wanalichunguza tukio. Kijana mmoja nyuma yangu alianza kulia kabisa. Baba Mdogo hakusema neno, ila niliona kalamu imetoka sikioni na anaibonyeza kwa kidole gumba, inafunga inafunguka, inafunga inafunguka. Uamuzi ulipotoka, adhabu ya sekunde tano ilikuwa ya Tsunoda kwa kuyumba mbele ya Norris zaidi ya mara moja. Norris hakuguswa. Haki ilitendeka, kwa maoni yangu.

Norris alipovuka mstari wa mwisho akiwa wa tatu, alilia redioni, na nilifurahi naye kwa dhati. McLaren haikuwa na dereva bingwa tangu Lewis Hamilton mwaka 2008.

Sasa lile jambo lenyewe. Watu walipoanza kutoka, Baba Mdogo alifungua daftari akarudi nyuma hadi ukurasa wa Septemba, akaweka kidole kwenye mstari wa Monza, mbio za Italia. "Mwanangu, soma hapa."

Nikasoma: Verstappen 25, Norris 18, Piastri 15.

Ukiangalia hivyo huoni kitu. Lakini wanaokumbuka siku ile wanajua ilivyokwenda. Norris alikuwa mbele ya Piastri, na timu ikaona heri Piastri abadilishe tairi kwanza ili Leclerc asije akampita. Norris akakubali kwa ahadi kwamba mwenzake hatafaidika kwa hilo. Zamu yake ilipofika, gurudumu moja likakataa kufunga haraka, akatoka nyuma ya Piastri. McLaren ikamwambia Piastri arudishe nafasi. Piastri alijibu redioni kwamba kuchelewa kwenye tairi ni sehemu ya mbio, kisha akapunguza mwendo, akampisha.

Wa pili hupata 18, wa tatu 15. Pointi tatu. Mtoe Norris tatu, anabaki na 420. Verstappen na 421 yake angekuwa bingwa kwa mara ya tano mfululizo, na Norris angelala jana akiwa ameshindwa kwa pointi moja.

Nilimwambia Baba Mdogo kwamba kwa hesabu hiyo unaweza kushika mbio yoyote ile. Verstappen mwenyewe alimgonga George Russell kule Barcelona mwezi Juni, akapewa adhabu ya sekunde kumi, akashuka kutoka wa tano hadi wa kumi. Pointi tisa zilipotea pale, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. McLaren nao walifutiwa matokeo ya magari yote mawili Las Vegas kwa sababu ya ubao ulio chini ya gari kulika kupita kiasi. Akanijibu kwamba hayo ni makosa, na makosa kila mtu anayo. La Monza halikuwa kosa. Mtu alikuwa na kitu mkononi akakitoa.

Hapo ndipo aliponishika. Siku ile Piastri alikuwa anaongoza msimamo wa dunia. Aliingia Monza akiwa mbele ya Norris kwa pointi 34, akatoka akiwa mbele kwa 31. Nani angeogopa? Wiki mbili baadaye aligonga ukuta Baku kwenye mzunguko wa kwanza, na baada ya hapo mambo hayakumnyookea tena.

Nikakumbuka habari ya Peter Collins, dereva Mwingereza, Monza hiyohiyo, mwaka 1956. Ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu na Collins bado alikuwa na nafasi ya ubingwa. Gari la Juan Manuel Fangio, mwenzake wa Ferrari, likaharibika. Enzi zile sheria iliruhusu madereva kupeana magari. Collins aliposimama kubadilisha tairi alishuka, akampa Fangio gari lake. Fangio akamaliza wa pili na kutwaa taji lake la nne. Collins alikuwa na miaka 24, na bila shaka aliona muda upo. Mwaka 1958 alifariki kwenye mbio za Ujerumani, Nürburgring, bila kuwahi kuwa bingwa.

Sisemi Piastri ni Collins. Collins alijitolea mwenyewe, Piastri aliambiwa na timu, tena akiwa na pingamizi. Hata angebaki na zile tatu asingekuwa bingwa: angefika 413. Lakini kwangu pingamizi lile linaongeza thamani ya alichofanya. Aliona si sawa, akalisema wazi, kisha akatimiza neno ambalo timu ilikuwa imempa mwenzake. Angeweza kukaza mguu, na wengi tungempigia makofi.

Baba Mdogo hakubaliani nami. Yeye ni mtu wa Charles Muhangi, Mganda mwenzetu aliyetuletea ubingwa wa Afrika wa mbio za magari mwaka 1999, na anaamini bingwa hampishi mtu barabarani. Anasema mwakani Piastri akiambiwa apishe, azime redio. Mimi nasema akifanya hivyo atapata taji na nitampenda kidogo zaidi ya ninavyompenda Verstappen, basi. Tumebishana hivyo njia nzima hadi nyumbani, na leo asubuhi kanipigia simu kuendeleza.

Msimu ujao unaanza Machi, Melbourne, mjini kwao Piastri. Kiti cha mbele pale kibandani nimeshakiweka, na safari hii namshangilia yeye tangu mzunguko wa kwanza.